Throto bodi au nozo: gari ikitetemeka ikiwa imesimama uanze na ipi?

Gari inatetemeka ukisimama kwenye foleni, RPM (kasi ya mzunguko wa injini) inapanda inashuka, ukikanyaga mafuta inatulia, hapo wengi wanakimbilia chupa ya dawa ya kusafisha nozo, vile vinyunyizio vya mafuta kwenye injini, wanamimina kwenye tangi. Mimi ningeanza na throto bodi, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini.

Sababu ni hii, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kile kibati cha throto kinakuwa kimefunga karibu chote, hewa inapita kwenye upenyo mdogo sana, sasa masizi kidogo tu pembeni yanatosha kuharibu hesabu. Fungua bomba la hewa, chungulia na tochi, ukiona duara jeusi lenye mafuta mafuta pale kibati kinapogusa ukuta basi umempata mwizi. Zima swichi kwanza, puliza sprei ya throto kwenye kitambaa, futa taratibu. Kama ni throto ya umeme usilazimishe kibati kwa kidole, unaweza kuua gia zake jamani, na baadaye inaweza kuhitaji kufundishwa upya sailensa. Sensa ya hewa ina sprei yake, usiiguse na kitambaa.

Dawa ya nozo ni rahisi, haifungui kitu, ila inafanya kazi polepole mpaka tangi liishe, na kwa injini za direkti, zile zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, haifiki nyuma ya valvu. Nozo ikiziba kweli mara nyingi silinda moja inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa, na hata ukikanyaga mafuta gari inakuwa nzito, hapo ndio zitolewe zisafishwe kwa mashine, baada ya kucheki plagi na koili.