Konyagi badala ya ramu katika keki ya matunda: tathmini kutoka jikoni Mwanza

Kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza kutulia na watu wa hapa Mwanza wanapoanza kuniagiza keki za Krismasi, swali linalorudi ni lile lile: kama mapishi yanataka ramu ya kahawia na ramu haipo, au bei yake imeshinda faida ya keki nzima, je, chupa ya Konyagi inayopatikana karibu kila duka la vinywaji kuanzia Igoma hadi Kirumba inaweza kushika nafasi yake? Mwaka huu niliamua kulijibu kwa kuoka. Nilitengeneza keki tatu za matunda zenye siagi, mayai, unga na viungo sawa, nikazioka pamoja katika oveni moja kwa nyuzi joto 150 za Selsiasi kwa muda wa saa mbili na nusu, kisha nikazihifadhi wiki tatu kabla ya kuzikata. Ya kwanza ilikuwa na ramu, ya pili Konyagi peke yake, na ya tatu Konyagi pamoja na shira ya sukari iliyounguzwa.

Jina la Konyagi linafanana na la Cognac, brandi ya Ufaransa, lakini mwokaji asidhani kwamba ananunua brandi, kwa kuwa brandi hutokana na zabibu ilhali Konyagi hutokana na miwa. Kwa asili, basi, iko karibu zaidi na ramu, ambayo nayo ni kinywaji cha miwa. Kinachotofautisha viwili hivi ni yale yanayotokea baada ya kukenekwa: ramu ya kahawia hulazwa katika mapipa ya mbao na mara nyingi huongezewa rangi ya sukari iliyounguzwa, wakati Konyagi ni nyeupe kama maji, na harufu yake nyepesi inakaribia ile ya jini.

Kazi ya pombe katika keki ya matunda si ulevi. Hulainisha zabibu kavu, huvuta harufu ya mdalasini, karafuu, kungumanga na ganda la chungwa kwa sababu sehemu kubwa ya harufu hizo huyeyuka katika pombe vizuri kuliko katika maji, tena huchelewesha ukungu, jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya ziwa, penye unyevu wa kudumu, hatuwezi kulidharau. Kwa kazi hizi Konyagi haikuniangusha hata kidogo. Ina nguvu ya asilimia 35, na ramu ya kawaida asilimia 40. Mililita 150 za ramu zina takriban mililita 60 za pombe halisi, na kiasi hicho hicho cha Konyagi kina mililita 52 na kidogo. Ukitaka kulinganisha kabisa, tumia mililita 170. Binafsi niliacha 150 kwa nusu kilo ya zabibu, nikaziloweka siku nne, na zilivimba sawasawa na zile za ramu. Ganda la machungwa ya Ukerewe lilinukia hata zaidi katika bakuli la Konyagi, kwa sababu hakukuwa na harufu ya pipa ya kulifunika.

Katika ladha na rangi, hata hivyo, keki ya pili ilipungukiwa. Ilitoka na rangi ya maziwa ya chai, na baada ya kuimeza kipande hakikuacha ule utamu mzito wa sukari iliyoungua ambao walaji wa keki ya Krismasi huutegemea. Keki ya tatu ndiyo iliyonishawishi. Nilichukua vijiko vikubwa vitano vya sukari, nikaviunguza katika sufuria kavu mpaka vikawa na rangi ya mbao ya mninga, nikamimina maji ya moto vijiko vinne kwa uangalifu mkubwa (mvuke wake huunguza mkono vibaya), ikapoa, ndipo nikaichanganya na matunda yaliyolowekwa. Majirani wanne walioonja bila kuambiwa ipi ni ipi, wawili waliichagua hiyo kuliko ya ramu.

Divai nyekundu ya Dodoma, ambayo wengi hunishauri, sikuiweka katika shindano hili. Nguvu yake hukaribia theluthi moja tu ya ramu, hivyo huongeza maji mengi kuliko pombe, na ukali wake wa asidi hubadilisha kazi ya magadi katika unga. Gongo nalikataa kabisa: ni haramu kisheria, na pombe iliyokenekwa ovyo huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeoka kwa ajili ya wengine. Pombe haiishi yote ndani ya oveni. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichochanganywa na pombe na kupikwa kwa saa moja hubaki na karibu robo yake, na kwa saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5. Tena vijiko unavyonyunyizia keki iliyokwisha kuiva havipiti motoni kamwe. Mteja Mwislamu, mama mjamzito au mtu aliyeacha pombe ana haki ya kuambiwa kabla ya kupokea boksi. Kwao mimi huloweka zabibu katika chai kali ya rangi na maji ya machungwa, na keki hiyo huliwa ndani ya wiki moja.

Kwa keki ya matunda, basi, nitaendelea kununua Konyagi na kuunguza sukari yangu. Kwa keki nyepesi ya siagi ambayo ramu ndiyo ladha yake kuu, sitaibadilisha; hapo nitatafuta chupa ndogo ya ramu, ama nitaoka keki nyingine.