Sili ya bati ya kujifunga: uzoefu wangu wa kuiagiza, kuifunga na kuikata

Sili ninayoizungumzia ni ule utepe mwembamba wa bati wenye urefu wa sentimita 21 au 22, upana wa milimita 8 hivi, kichwa cha duara upande mmoja na ulimi upande wa pili. Unapitisha ulimi kwenye tundu la komeo la mlango, unauchomeka kichwani, unasikia tik, umemaliza. Haitaki ufunguo wala koleo. Nimeitumia kwenye magari ya boksi yanayosambaza bidhaa kutoka ghalani, na nimeshaagiza za aina tofauti zikiwa zimegongwa jina na namba zetu wenyewe. Kwa hiyo nitaeleza inavyotakiwa kutengenezwa na inavyotakiwa kutumika, maana nyingi zinazolalamikiwa zimeharibikia upande wa pili.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Haizuii mwizi. Mkasi wa bati unaikata papo hapo, na mwenye mikono migumu anaikata kwa kuikunjakunja. Kazi yake ni kukuambia kama mlango ulifunguliwa tangu ulipofungwa ghalani. Kiwango cha kimataifa cha sili, ISO 17712, kinagawa sili katika madaraja matatu: H la usalama wa juu, ambalo linatakiwa kustahimili mvuto wa kilonewtoni 10 (kama uzito wa tani moja), S la kati, kilonewtoni 2.27, na I la kuashiria tu, chini ya hapo. Utepe wa bati uko I. Kontena linalokwenda Marekani kwa meli linatakiwa kuwa na sili ya daraja H tangu Oktoba 2008, na hiyo kwa kawaida ni ya bolti. Muuzaji akikwambia utepe wa bati unatosha kwa kontena la namna hiyo, mwache na mali yake.

Umbo lenyewe ni la zamani. Emil Tyden, mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani, alilitengeneza kwa ajili ya mabehewa ya reli mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo kinachobadilika ni namna ya kugonga namba na ubora wa bati. Kilichomo kichwani ni kilekile.

Na kichwani ndiko fedha yako inakokwenda, kwa hiyo tukifungue. Ni vikombe viwili vya bati vilivyokunjwa pamoja ukingoni. Ndani mna pete moja au mbili za waya wa springi, zilizokatwa sehemu moja ili ziweze kutanuka. Ulimi una tundu karibu na ncha. Ukisukuma, ncha inaitanua pete na kupita. Tundu likifika usawa wa pete, waya unajibana na kudumbukia ndani yake. Ukivuta kurudi nyuma, pete inagonga ukuta wa kichwa na kukwama, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kukaza. 

Hapo ndipo sili mbovu inapojulikana. Tundu la ulimi likiwa linalingana sana na unene wa waya, pete inakaa juu ya ukingo wa tundu bila kuzama. Utasikia tik, utaona sili imefungwa, na barabarani mtikisiko unaichomoa. Likiwa pana mno kwa upande, bati linalobaki pembeni mwa tundu linakuwa kama uzi na kuchanika kabla ya wakati, halafu unaanza kumtuhumu dereva kwa kosa la mchora ramani. Pete nayo lazima iwe huru kuzunguka ndani ya kichwa. Ikiwa imebanwa na vikombe, inafungwa vizuri ulimi ukiingia wima, lakini ukiingia umepinda kidogo haifungi. Mimi siagizi tena ya pete moja. Tofauti ya bei ni ndogo, na pete ya pili inaokoa pale ya kwanza isipotulia.

Mdomo wa kichwa ni jambo jingine ambalo wanunuzi hawaliangalii. Bati la sili hizi lina unene wa kama milimita 0.3. Mdomo ukiwa na upana wa kupitisha mabati mawili kwa pamoja, mtu anaweza kuingiza kipande kingine sambamba na ulimi hadi kwenye pete. Jaribu mwenyewe: funga sili moja mezani, kata ulimi wa sili nyingine, ujaribu kuuingiza pembeni mwa ule uliokwisha kufungwa. Ukizama, rudisha boksi zima bila mjadala.

Mkunjo wa ukingo wa vikombe nao uusumbue kwa ncha ya bisibisi. Ukifunguka na kurudishwa bila kuacha mchubuko, sili haikusaidii kitu. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuagiza kichwa kipakwe rangi baada ya kuunganishwa, siyo bati kupakwa rangi kabla ya kukatwa. Rangi iliyopita juu ya mkunjo hupasuka mkunjo ukiguswa, na ufa huo huonekana hata kwa karani asiye na miwani. Kiwanda kitapenda kufanya kinyume kwa sababu ni rahisi kwao. Sisitiza kwenye oda.

Kuhusu bati, kuna la kupakwa stani, kama la makopo ya rangi, na la kupakwa zinki. Stani inang'aa na inashika rangi vizuri, ila ikichubuka haiusaidii chuma: kutu huanzia kwenye mchubuko na huenda kasi, maana chuma ndicho kinacholiwa badala ya stani. Zinki inafanya kinyume, inaliwa yenyewe kwanza na kukinga chuma kilicho jirani. Sasa, kila sili ina kingo zilizokatwa kiwandani ambazo hazina upako wowote. Kwa gari linalorudi ghalani siku hiyohiyo, stani inatosha. Kwa mzigo unaokaa Tanga au Mombasa kwenye hewa ya chumvi, au behewa linalosubiri kwenye mvua, chukua zinki. Sili yenye kutu ina ubaya wa ajabu: inakatika yenyewe, na inafanya kila alama ya kuchezewa ionekane kama uchakavu wa kawaida.

Namba ziwe za kugongwa kama zile za chesisi. Za kuchapishwa kwa wino zinafutika kwa dizeli na kitambaa. Za leza ni nzuri mradi zimeingia kwenye chuma na hazikuishia kwenye rangi. Uzuri wa namba iliyogongwa ni kwamba upande wa nyuma inajitokeza kinyumenyume. Aliyeipondaponda na kuigonga upya anaweza kulainisha upande wa mbele, lakini nyuma pataonyesha makovu. Kwa hiyo mpokeaji apitishe kidole nyuma ya utepe. Agiza herufi mbili au tatu za kampuni na tarakimu sita au saba, bila herufi O wala I, na 6 na 9 ziwe na mstari chini. Mwombe mtengenezaji aandike kwenye mkataba kwamba mfululizo huo hatamtengenezea mtu mwingine na hataurudia. Bila maandishi hayo, atakayetaka sili mbili zenye namba moja anahitaji tu kupiga simu kiwandani akajifanya ni wewe.

Boksi likifika (kwa kawaida 1,000), chukua kama 20 kutoka juu, katikati na chini. Angalia kwanza ndimi. Sili zilizobanwa vibaya kwenye mafurushi zinafika zikiwa na ncha zilizopinda, na ncha iliyopinda ndiyo chanzo kikubwa cha sili kufungwa nusu. Funga zote, vuta kila moja kwa nguvu za mkono, zungusha kichwa. Kisha ning'iniza ndoo ya maji ya lita 20 kwenye kadhaa kati ya hizo, uiache saa nzima: ulimi usisogee hata kidogo. Mwisho zifungue kwa ukatili, kwa kukunja na kuvuta, uone zinavunjikia wapi. Sili nzuri inachanika ulimi au inaharibika kichwa. Ikitoka nzima, hata moja kati ya 20, boksi hilo lisiingie stoo. Vaa glavu, kingo zake ni wembe. Kuna zilizokunjwa kingo, ni ghali kidogo, lakini vidole vya mautingo vitakushukuru.

Kwenye kufunga, makosa yaleyale hurudi. Karani anafunga kwanza halafu anaandika namba, kwa hiyo namba inanakiliwa gizani au dereva ndiye anayeisoma. Agizo liwe namba isomwe na kuandikwa kwenye hati ya mzigo sili ikiwa bado mkononi, kisha ifungwe, kisha mtu wa pili aisome tena mlangoni. Baada ya tik, ivutwe chini mara moja kwa nguvu na kichwa kizungushwe. Sili iliyofungwa nusu inatulia kabisa kwa macho. Ni kuvuta tu kunakoiumbua. Kichwa kikae mdomo ukiwa umeelekea chini, maji na vumbi visijae ndani. Picha ya simu ionyeshe namba na komeo kwa pamoja, si namba peke yake, la sivyo umepiga picha ya sili ambayo haijulikani iko mlango gani.

Angalia pia komeo lenyewe. Nimeona sili safi kabisa kwenye mpini uliofungwa kwa bolti ambayo spana namba 13 inaifungua kwa nje: mpini unatolewa, mlango unafunguliwa, mpini unarudishwa, sili haijaguswa. Bolti hizo zichomelewe au zibadilishwe kwa ribiti, na hata ribiti zikaguliwe kama zina rangi mpya. Kama gari lina mlango wa ubavuni, nao unataka sili yake. Na kwa kuwa utepe huu una urefu usiobadilika na hauwezi kukazwa, kitanzi kikubwa kwenye komeo legevu kinaacha mlango upenyeke kiasi cha mkono kuingia. Hapo plastiki ya kuvuta na kukaza ni afadhali, ingawa jua linaichosha na moto unailainisha. Malori ya turubai yanataka kebo inayopita kwenye pete zote. Utepe wa bati huko hauna kazi.

Kwenye mzigo wa kupita nchi hadi nchi, forodha inaweka sili yake, na siku hizi mara nyingi ya kielektroniki. Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo hiyo tangu 2017. Sili yako ya bati inakaa pembeni kama ushahidi wako wewe, na haigusi wala kubadili ile ya serikali.

Ukaguzi njiani ndio unaovuruga hesabu. Ofisa ana haki ya kufungua, lakini dereva asiwe na sili za akiba mfukoni, kwa sababu dereva mwenye sili za akiba ana uwezo wa kufungua na kufunga anapotaka. Kampuni nyingine huwapa moja, ikiwa imeandikwa namba kwenye hati tangu ghalani, ndani ya bahasha iliyogundishwa, inavumilika. La muhimu ni karatasi yenye namba ya zamani, namba mpya, mahali, saa, na jina na saini ya aliyefungua, pamoja na mabaki ya sili iliyokatwa.

Mpokeaji ndiye anayeifanya sili iwe na maana, na ndiye anayefundishwa kidogo kuliko wote. Roger Johnston na timu yake ya watafiti wa usalama katika maabara ya Los Alamos, baadaye Argonne, zote za Marekani, walijaribu zaidi ya aina 200 za sili na wakafanikiwa kuzifungua na kuzirudisha, mara nyingi kwa zana za kawaida tu. Walichosisitiza ni ukaguzi: mtu anayejua sili ile inachezewaje, na mwenye sampuli mpya mkononi ya kulinganisha. Kwa hiyo kila kituo cha kupokelea nakipa sili moja isiyotumika na moja iliyochezewa, zimetundikwa ukutani karibu na mlango wa kupakulia. Mpokeaji asome namba kabla ya kutazama hati, ili asione anachotarajia kukiona. Avute, azungushe, apapase nyuma, atazame mkunjo wa kichwa na kutu mpya karibu na mdomo. Ndipo akate, upande wa mbali na kichwa, vipande vyote viwili viingie bahasha ya hati hiyo hadi mzigo uhesabiwe na kusainiwa. Kisha kichwa kipondwe kwa nyundo. Vichwa vizima vinavyotupwa uani vina wateja.

Stoo, sili zikae kabatini chini ya mtu mmoja, zitolewe kwa mfululizo, na daftari lionyeshe iliyoharibika nayo ilikwenda wapi. Namba iliyorukwa iulizwe siku hiyohiyo.

Mahali pekee ambapo nimeacha kabisa kuitumia ni kwenye maboksi ya mita za umeme. Ni chuma, inapitisha umeme, na fundi anayeichomeka gizani karibu na nyaya hastahili kubahatisha. Hapo nachukua plastiki au waya uliofunikwa. Kwa milango ya boksi, mabehewa na makabati ya stoo, bado ndiyo ninayoiagiza: pete mbili, zinki, namba za kugongwa, rangi ya kichwa baada ya kuunganishwa.