Uzoefu wangu na Bats: UAT ninayoiendesha kwa skripti

Programu ninayoijaribu kazini ni ya kulinganisha miamala. Unaipa faili mbili za CSV (majedwali ya maandishi matupu), moja ya malipo ya simu na nyingine ya taarifa ya benki, nayo inakuambia ni fedha gani zimeonekana pande zote mbili na zipi zimeishia njiani. Haina dirisha wala kitufe cha kubonyeza. Inaendeshwa kwa amri, usiku, na cron, kile chombo cha Linux cha kuanzisha kazi kwa ratiba. Mteja ni ofisi ya uhasibu hapa Dar es Salaam, na kila tukileta toleo jipya UAT, yaani majaribio ya mteja kuikubali programu, ilikuwa ni ileile: jedwali la Excel lenye hatua, mmoja anasoma, mwingine anaandika amri kwenye terminali, wa tatu anatia tiki. Siku nzima inakwenda. Kufika alasiri kila mtu amechoka, na tiki za mwisho mwisho nilikuwa siziamini hata kidogo.

Jedwali hilo nimelibadilisha kwa Bats, zana ya kuandika majaribio kwa Bash, lugha ya amri za terminali. Jina ni kifupi cha Bash Automated Testing System. Sam Stephenson ndiye aliyeianzisha mwaka 2011, na tangu 2017 inaendelezwa chini ya mradi wa bats-core, baada ya ile ya mwanzo kukosa mtunzaji. Ni ya bure, kwa leseni ya MIT. Unaweza kuiweka kwa apt, Homebrew au npm, ila mimi naiingiza kwa git ndani ya folda ya mradi wenyewe, maana ile ya apt kwenye seva za zamani huwa imebaki nyuma, na kuna mambo mazuri yaliyokuja baadaye.

Jaribio moja linaonekana hivi:

@test "muamala wa benki usioonekana kwenye simu unatajwa kwa namba yake" {
  run ./linganisha simu.csv benki.csv
  [ "$status" -eq 1 ]
  [[ "$output" == *"TX-0042"* ]]
}

Ukijua Bash kidogo, hakuna cha kukufunza hapo. Neno run linaendesha amri na kukuwekea mambo mawili: namba ambayo programu imeitoa ilipomaliza, na maneno yote iliyoyaandika. Programu yetu hutoa 0 kila kitu kikilingana, 1 kukiwa na tofauti, 2 faili likishindwa kusomeka. Mstari wowote wa jaribio ukishindwa, jaribio zima limeanguka, na Bats inakutajia faili, namba ya mstari na sharti lenyewe lililovunjika.

Kilichonifanya nibaki nayo ni ile sentensi iliyo ndani ya alama za kunukuu. Naandika Kiswahili, na Bats inapomaliza inaichapisha sentensi hiyo kama ilivyo, na alama ya vema (✓) au ya mkasi (✗) mbele yake. Yaani orodha ya masharti ya mteja na skripti inayoyapima vimekuwa faili moja. Mhasibu mkuu wa ofisi ile ni mama mtu mzima asiyejua Bash wala hataki kuijua. Nilimfungulia matokeo, akavaa miwani, akashuka mstari kwa mstari kama anayekagua leja.

"Hii ya kwamba faili tupu lisihesabiwe kuwa limelingana, nani kaiweka?"

"Mimi, mama."

"Iache hapohapo. Na uongeze ya muamala uliorudishwa siku hiyohiyo, mwanangu, maana huo ndio unaotusumbua kila mwisho wa mwezi."

Niliiongeza tukiwa palepale mezani, ikaanguka, na kuanguka kwake kukawa ndiyo kazi ya waandika programu wiki hiyo. Kwenye Excel hoja ya namna hiyo ingeandikwa pembeni kwa wino mwekundu na kusahauliwa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahusu saa. Seva ya mteja imewekwa UTC, saa ya kimataifa, vitabu vyake vinafuata saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele kwa saa tatu. Mtu akilipa saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe mosi Julai, kwa seva bado ni tarehe 30 Juni, 21:40. Muamala mmoja, miezi miwili, na mhasibu atautafuta Julai asiuone. Kwa mkono jambo hili halipimiki kirahisi. Nani atakaa kungoja saa sita usiku ya mwisho wa mwezi? Ndani ya jaribio naandika export TZ=UTC, kuipangia programu majira ya saa, naendesha programu na faili dogo lenye muamala huo mmoja, kisha nadai ripoti iseme 01/07. Jaribio linalofuata linafanya vilevile na TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Kila jaribio la Bats linaendeshwa kivyake, kwa hiyo saa niliyoichezea hapa haivuji kwenda kwa jirani. Faili za muda naziweka kwenye BATS_TEST_TMPDIR, folda inayotengenezwa upya kwa kila jaribio na kufutwa baadaye.

Sasa kero, na zipo. Kubwa ni mkondo (pipe), yaani kupitisha matokeo ya amri moja kwenda kwa nyingine kwa alama ya |. Ukiandika run ./linganisha simu.csv benki.csv | grep TX, Bash inakata amri kwenye ule mstari wa wima kabla Bats haijaona kitu, na $status unayoipima haitokani na amri yako. Dawa ni kuifunga amri yote ndani ya bash -c, na macho yanaumia kuisoma. Pia run kwa kawaida inachanganya matokeo na ujumbe wa makosa pamoja; tangu toleo la 1.5.0 kuna --separate-stderr ya kuvitenga, pamoja na run -2 ya kudai papo hapo kwamba programu imetoa namba 2 ilipomaliza. Haya ndiyo mambo mazuri niliyoyasema juu.

Kuna na ukimya unaoudhi. Kuandika alama ya mshangao mbele ya amri, ukimaanisha "hii isifaulu", hakuangushi jaribio isipokuwa mstari huo uwe wa mwisho. Hiyo ni tabia ya Bash yenyewe, lakini anayepata hasara ni mjaribu, maana jaribio linakuwa kijani bila kupima chochote. Tumia run ! badala yake. Wenye Mac wajihadhari zaidi: Bash 3.2 inayokuja na mashine hizo inaweza kuliacha sharti la mabano mawili lipite hata likiwa la uongo. Weka Bash mpya kwanza, ndipo uziamini tiki zako.

Mwisho wa kero: programu yako ikiacha kazi nyuma ya pazia, Bats inaweza kuganda baada ya jaribio la mwisho, kila kitu ni kijani lakini terminali hairudi. Sababu ni kwamba ile kazi imeishikilia njia namba 3 ambayo Bats huitumia kuandikia. Ongeza 3>&- kwenye amri inayoanzisha kazi hiyo, basi.

Kasi inaridhisha kwenye Linux. Kwenye Windows kupitia Git Bash inajikokota, kwa kuwa kuanzisha michakato midogo midogo huko ni ghali. Kuna --jobs ya kuendesha mengi kwa pamoja, ila lazima iwepo programu ya GNU parallel au rush.

Je, nakushauri? Kama programu yako inaitwa kwa amri, inasoma faili na kutoa faili, ndiyo, na uandike majina ya majaribio kwa lugha anayoisema mteja wako. Kama ni ya kurasa za kivinjari, tafuta Playwright au Robot Framework, hapa utajitesa bure. Mteja wangu bado anadai karatasi, kwa hiyo naendesha na --tap, inayotoa matokeo kwa maandishi matupu, nachapisha mistari ya ok (limefaulu) na not ok (limeanguka) kama ilivyo, na yule mama anaweka saini na muhuri chini. Mstari wa not ok ukionekana popote, muhuri hautoki kwenye droo.