Gari Kuukuu la Kuanzia Mbio Uganda: Lipi Ununue, Lipi Uliache

Kijana wa Kampala akipata pesa kidogo na hamu ya mbio, wazo la kwanza ni Subaru yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada ili ipate nguvu). Tumekua tukiusikia mlio wake kila Pearl of Africa Rally inapopita, na nchi hii imeshatoa bingwa wa rali wa Afrika, Charles Muhangi, mwaka 1999. Hamu hiyo haina ubaya. Ila kwa anayeanza, gari hilo ndilo baya kuliko yote, na mwongozo huu nauandika nikitaka pesa yako ikufundishe kuendesha badala ya kuishia kwa fundi.

Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapa Uganda, alishinda Safari Rally mara tano. Nne kati ya hizo, mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, alishinda kwa Datsun ya umbo la saluni ya kawaida, isiyo na tabo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kweli, lilikuwa gari la kiwanda lililoandaliwa na wataalamu. Lakini lilishinda kwa sababu lilifika mwisho wakati magari yenye nguvu zaidi yamelala njiani. Kwa gari la kujifunzia, hicho ndicho kipimo cha kwanza: lifike mwisho, na kesho yake liwake tena.

Busiika inataka nini

Sehemu ambayo wengi wetu tutaanzia ni uwanja wa mbio wa Busiika, kwenye barabara ya Gayaza kwenda Ziroobwe. Ni njia ya murram, yaani udongo wenye changarawe, si lami. Kiangazi kuna vumbi la kuziba macho, na mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Kwa hiyo sahau kidogo video za magari ya lami zenye rimu za inchi 18 na chasi iliyoshushwa hadi chini. Hapa unahitaji gari jepesi, lenye nafasi ya kutosha chini ya tumbo, tairi ndogo zenye ukuta mnene, na giaboksi ya mkono.

Jambo lingine ni mwinuko. Kampala na viunga vyake viko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Usijali. Kwenye murram, injini ya nguvu za farasi 90 inatosha kabisa kukufundisha kona, na ukikosea inakupa muda wa kurekebisha.

Gari lenyewe lazima ulipate humu humu nchini. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo Toyota za miaka ya tisini zilizopo ndizo hizo hizo, zinabadilisha mikono tu. Shida kubwa utakayokutana nayo ni gia. Magari mengi yaliyotoka Japani ni otomatiki, na gari la gia za mkono huenda likakuchukua miezi kulitafuta. Subiri. Otomatiki ya kawaida ikikimbizwa kwa nguvu, oili yake huchemka na giaboksi hufa mapema. Isitoshe, utakosa somo muhimu la kushusha gia kabla ya kona.

La kwanza: Toyota Corolla AE100 na AE110

Hizi ndizo tunazoziita Kikumi, ambazo kila fundi kuanzia Ndeeba hadi Mbarara anazijua. Injini ya 5A-FE ya lita 1.5 haina makuu: ina mkanda wa taiming, plagi nne, na vipuri vyake katika soko la Kisekka havikosekani. Uzito ni karibu tani moja. Ninaloipendea zaidi ni suspensheni. Kila gurudumu la nyuma lina shokabu (kifyonza mtikisiko) na mikono yake, hivyo moja likiruka shimo, jingine linabaki limeshika ardhi. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,465, ambao unalifanya gari litulie kwenye murram. Mkia ukianza kukimbia, hukimbia taratibu, na unapata nafasi ya kuurudisha kwa usukani.

Ukija kukomaa, ipo njia ya kupanda: injini ya 4A-GE ya vali 20, iliyotoka kwenye ndugu zake AE101 na AE111, huingia bila kulikata gari. Lakini hilo ni la baadaye sana. Mwaka wa kwanza usiguse injini.

La pili: Toyota Starlet EP82 na EP91

Kuna watu watanikasirikia kwa kuiweka ya pili. Starlet ni nyepesi kuliko Corolla kwa kilo zinazoweza kukaribia 200, na kwenye kona za kubana inageuka haraka mno. Injini ya 4E-FE ya lita 1.3 hainywi mafuta, breki hazichoki haraka, tairi zinadumu. Kwa mwenye mfuko mwembamba kabisa, au njia yenye kona nyingi fupi, ningemwambia achukue hii bila kusita.

Kinachoishusha ni ufupi wake. Ekseli zake zimeachana milimita 2,300 tu, na nyuma magurudumu mawili yameunganishwa na mhimili mmoja. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unakuja kwa kasi ambayo mgeni hajui kuipokea. Na nyingi zilizobaki zimechoka: zimebeba mizigo, zimepakwa rangi juu ya kutu, milango haifungi. Starlet nzima ni bora kuliko Corolla mbovu. Kati ya mbili zilizo nzima, nachagua Corolla.

La tatu: Toyota Vitz ya kizazi cha kwanza

Kwa wingi, hakuna inayoishinda Vitz. Ile ya lita 1.0 ina farasi 70 hivi wakiwa wapya, na kwa mwinuko wetu unaweza kuhisi imelala. Tafuta ya 1.3, au RS ya 1.5 kama Mungu amekujalia. Injini zinatumia cheni badala ya mkanda, jambo zuri, ila cheni yenye kelele asubuhi injini ikiwa baridi ni dalili kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati. Gia za mkono zipo chache. Ikiwa ya otomatiki ndiyo pekee uliyo nayo nyumbani, itumie kujifunza mistari ya kona kwa mwendo wa wastani, kisha pumzisha giaboksi kila baada ya mizunguko michache.

La nne: Subaru Impreza isiyo na tabo

Impreza ya lita 1.5 au 1.8 yenye kuvutwa magurudumu yote manne ni gari zuri kwenye matope, na inakuandaa kwa rali yenyewe. Naiweka ya nne kwa sababu mbili. Kwanza, huvuta vizuri kiasi cha kuficha makosa yako. Unaingia kona vibaya, unakanyaga mafuta, inakutoa, nawe unadhani umejua. Pili, kila kitu ni mara mbili: hedi mbili, gasketi mbili, difu (kigawa nguvu kati ya magurudumu) mbele na nyuma. Tairi nne lazima zilingane ukubwa na uchakavu, la sivyo mfumo wa katikati unajisaga. Mwenye fundi anayezijua Subaru kweli, na pesa ya akiba, anaweza kuipandisha hadi ya pili.

La tano: Mark II na Altezza

Yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, yanatupa mkia vizuri, na watazamaji wanapenda. Lakini yana kilo 1,300 na zaidi, na uzito huo unakula breki na tairi. Kwenye lami ningeyapandisha. Kwa murram na kwa mgeni, hapana.

Ile Subaru ya tabo haimo kabisa kwenye orodha. Zinazouzwa kwa bei ya kuvutia aghalabu zimeshafunguliwa tabo, zimepandishwa msukumo, na muuzaji anajua kwa nini anauza.

Siku ya kulikagua

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto, limeshawashwa, na pengine kuna ugumu wa kuwaka unaofichwa. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Ndani unatarajia kuona kuleni (maji maalumu ya kupozea injini) ya kijani au nyekundu iliyo safi. Maji ya rangi ya chai ni kutu. Utelezi wa oili kwenye kidole ni gasketi ya hedi, na hapo unaaga kwa heshima.

Kisha muulize habari ya tamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wengi huitoa gari likianza kuchemka, na mteja anaondoka akidhani ametibiwa. Liwashe, liache lingurume bila kwenda popote, na gusa bomba la juu la rejeta. Bomba likipata joto taratibu kuanzia dakika ya kwanza, tamostati haimo. Likibaki baridi kwa dakika kadhaa halafu likawa la moto kwa ghafla, ipo na inafanya kazi. Gari lisilo na tamostati linaweza kuwa zima, lakini punguza bei kana kwamba hedi imepinda, maana mara nyingi ndivyo ilivyo.

Chini ya boneti tazama zile nguzo mbili za chuma zinazokwenda mbele pembeni mwa injini. Zinapaswa kuwa na vidoti vya kulehemu vya kiwandani, vya duara na vyenye nafasi sawa. Mstari mrefu wa kulehemu wenye mabonge maana yake gari liligonga na likaungwa. Kwa kwenda kanisani linafaa, kwa kuruka matuta halifai. Barabarani, weka gia ya pili, panda mzunguko, kisha achia mafuta kwa ghafla. Gia ikijitoa yenyewe, giaboksi imekwisha.

Rangi, redio, viti vilivyochanika, kiyoyozi kisichofanya kazi: hivyo vitumie kushusha bei tu. Utavitoa hata hivyo.

Pesa iliyobaki iende wapi

Mwenye shilingi milioni 15 asinunue gari la milioni 14. Ningesimama kwenye saba au nane, na inayobaki nianze kuigawa kwa kusimama kabla ya kukimbia. Breki pedi mpya za uhakika, na mafuta ya breki mapya ya DOT 4. Kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 3 ni nyuzi 205, cha DOT 4 ni 230, na mafuta yaliyokaa miaka yamefyonza maji, hivyo huchemka mapema zaidi. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni nawe uko kwenye kona.

Baada ya breki ni tairi, shokabu, bushi na bolijointi, kisha bamba la chuma la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), ambalo vijana wa Katwe wanalitengeneza vizuri ukiwapa unene na vipimo. Mkanda wa taiming badilisha siku ya kwanza, usiamini maneno. Filta ya hewa acha ile ya karatasi ndani ya boksi lake. Zile za koni zilizo wazi zinapendeza kwa sauti, lakini kwa vumbi la Busiika zinapitisha mchanga unaosaga silinda.

Sasa ile keji ya mabomba, inayofungwa ndani ya gari kumkinga dereva likibiringika. Naomba uisome sehemu hii mara mbili. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi. Upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na yaliyobaki yawe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la geti au la maji lina mshono ndani. Pitisha kidole kwenye mdomo wake utauhisi. Gari likibiringika, mshono huo ndio unaofunguka. Nenda na kipimo chako, pima bomba kabla halijakatwa, na mwambie fundi hutalipa bila hivyo. Na gari lenye keji usilitumie kwendea sokoni bila helmeti, kwani kichwa kikigonga bomba hilo, ajali ndogo inakuwa kubwa.

Kwa siku za kwanza za kujifunza mwendo wa wastani, kiti kinachokushika vizuri, mkanda mzima, helmeti ya magari isiyoshika moto na kizimamoto kilichofungwa kwa bolti vitangulie. Mikanda na viti vya mbio vina tarehe ya mwisho kwenye lebo. Ukiuziwa vya mtumba, soma lebo kwanza.

Karatasi

Mashindano yako chini ya FMU, shirikisho la vilabu vya michezo ya magari na pikipiki. Jiunge na klabu kabla hata ya kununua gari, uombe nakala ya kanuni za daraja unalotaka, na uwaulize wakaguzi wao kuhusu gari ulilolilenga. Watu hawa wanapenda kuulizwa. Hakikisha jina kwenye logibuku ni la anayekuuzia na namba ya chasi inalingana na iliyopigwa kwenye chuma. Bima ya kawaida ya barabarani haigusi mbio, kwa hiyo uliza klabu inakuwekea nini siku ya tukio. Na kujaribu gari kufanyike uwanjani. Barabara ya mwendokasi ya Entebbe ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na ina familia za watu.

Ukimaliza mzunguko wa mwisho wa siku, zunguka mmoja zaidi polepole bila kukanyaga breki ili zipoe. Ukiegesha, usivute breki ya mkono zikiwa bado na moto. Weka gia na zuia gurudumu kwa jiwe. Gonga filta utoe vumbi, tazama kama oili imeshuka, na kaza upya nati za magurudumu yote manne kabla hujaingia barabara ya Gayaza.