Maonyesho ya Crufts kwa mtu anayetafuta mbwa wa nasaba

Niliyahudhuria maonyesho ya mbwa ya Crufts, yanayofanyika kila Machi katika kituo cha maonyesho cha NEC mjini Birmingham, Uingereza, nikiwa na swali la mnunuzi: je, ushindi wa hapa ni ushahidi kwamba mzalishaji ni mwadilifu na kwamba mbwa wake wana afya?

Peke yake, hapana. Jaji humlinganisha kila mbwa na maelezo ya umbo yaliyoidhinishwa na Kennel Club, chama cha Uingereza kinachoandikisha mbwa wa nasaba, kilichoanzishwa mwaka 1873. Humkagua meno, humpapasa mgongo na kumtazama akitembea, ilhali kasoro za nyonga na magonjwa mengi ya kurithi hayatambuliki kwa jicho wala kwa mkono. Hata yanayoonekana yamewahi kupuuzwa. Mwaka 2012, madaktari wa mifugo walipoanza kuwapima washindi wa aina 15 zenye matatizo mengi ya kiafya, washindi sita, wakiwemo Bulldog na Pekingese, walizuiwa kuendelea na mashindano. Wenye mbwa hao walilalamika kwa uchungu, na uchungu wao naufahamu, lakini lawama naiona zaidi kwa majaji waliowapa nafasi ya kwanza.

Linalonisikitisha ni kwamba marekebisho ya kulinda afya ya mbwa yalikuja baada ya aibu ya hadharani. Ilikuwa baada ya BBC kuonyesha, mwaka 2008, makala ya uchunguzi kuhusu mateso ya mbwa wa nasaba, na kisha kuacha kuyatangaza maonyesho haya, ndipo Kennel Club ilipokataa, mwaka 2009, kuandikisha watoto wa mbwa waliotokana na mzazi na mwanawe au ndugu wa damu. Kanuni ya msingi namna hiyo haikustahili kusubiri kamera.

Pamoja na hayo, sehemu iitwayo Discover Dogs inatosha kumfanya mtu alipe kiingilio. Humo aina karibu 200 za mbwa huwekwa karibu na wageni, na wenye kuwafuga hujibu maswali kwa subira, mradi usiwasumbue wale wanaojiandaa kuingia uwanjani. Mzalishaji mmoja wa Labrador alinionyesha, kabla sijamwomba, matokeo ya eksirei za nyonga za mbwa wake, akanifafanulia kwamba kila upande hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, na kwamba jumla ikiwa ndogo ndiyo nyonga njema. Alikuwa na jike mwenye umbo la kupendeza ambaye hakumzalisha kamwe kwa sababu ya alama hizo, na kila anayenunua kwake hutia saini kwamba akishindwa kumtunza mbwa atamrudisha, hata awe mzee. Huo ndio uadilifu niliokuwa nikiutafuta, na haukuandikwa kwenye utepe wowote.

Kwa hiyo nayapendekeza maonyesho haya kwa kujifunza na kuuliza, si kwa kuchagua mbwa kutokana na matokeo ya uwanjani. Anayetaka Bulldog, Pug au French Bulldog, mbwa wenye uso bapa, aombe daraja la upumuaji la wazazi wote wawili, kuanzia 0 hadi 3, ambalo tangu mwaka 2019 hutolewa baada ya daktari kumsikiliza mbwa kabla na baada ya kukimbizwa polepole kwa dakika tatu. Mzalishaji anayejibu ombi hilo kwa kuonyesha makombe, mimi ningemuaga papo hapo.