Miaka mitatu na Toyota 86: vilivyobaki kwenye gari na vilivyoishia stoo

Juzi nilipanga stoo nikahesabu vipuri nilivyowahi kufunga kwenye gari langu kisha nikavitoa. Ni vinane. Vilivyobaki kwenye gari ni sita. Kumbe miaka yote hii mteja wangu mkubwa alikuwa stoo.

Gari lenyewe ni Toyota 86 la mwaka 2013, giya za mkono, injini ya FA20 ya lita 2 yenye silinda nne zilizolala, kazi ya pamoja na Subaru. Kipenyo cha silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 86, ndiyo maana wapenzi wa gari hili huwa hawachoki kuisema namba hiyo. Halina tabo. Linatoa nguvu za farasi 200 likifika mizunguko 7,000 kwa dakika, na uzito wake ni kama kilo 1,240. Siku za kazi linanipeleka kazini. Kila baada ya miezi miwili hivi linanipeleka kwenye uwanja wa mbio, mwendo wa saa mbili, na jioni linanirudisha. Sina trela, sina gari la pili. Kwa hiyo kipimo changu ni safari ya kurudi. Kifaa kikinipa raha uwanjani halafu saa mbili za kurudi zikawa adhabu, kwangu kimefeli, hata kama muda wa mzunguko umeshuka.

Nilianza pale wanapoanza wengi, kwenye ekzosti. Sauti ilikuwa tamu kwa wiki moja. Tatizo ni kwamba kwa giya ya sita, kilomita 100 kwa saa ni karibu mizunguko 2,700, na pale pale ndipo ekzosti ile ilipoanza kuvuma kama nyuki ndani ya debe. Saa mbili za debe kwenda, saa mbili kurudi. Uwanjani saa ya mkononi haikuona tofauti yoyote, na viwanja vingi vina kikomo cha kelele, kwa hiyo mara mbili nilisimamishwa kupimwa kabla ya kuruhusiwa kuingia. Nikarudisha ya kiwandani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Manifoldi ya ekzosti, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, pamoja na programu mpya ya kompyuta ya injini ni habari nyingine kabisa. Anayelijua gari hili anajua lile bonde: ukikanyaga mafuta kuanzia mizunguko 3,000 na kitu hadi kukaribia 5,000, nguvu inasinzia, kisha inaamka kama vile hakuna kilichotokea. Mjini unaishi ndani ya bonde hilo. Nilichagua manifoldi ambayo bado ina katalisti yake, yaani kisafisha moshi, kwa sababu sitaki gari linalonuka wala ugomvi wakati wa ukaguzi. Kwenye dainamomita, mashine ya kupimia nguvu za gari, magurudumu yalisoma farasi 164 kabla na 181 baada, lakini namba hizo si kitu nilichokuwa nakitafuta. Nilichopata ni kwamba sasa naweza kulipita lori kwa giya ya nne bila kushusha hadi ya tatu. Hiki kipo kwenye gari na hakitoki.

Sasa tuje kwenye koilova, zile shokomzoba zenye springi juu yake na nati za kupandisha na kushusha gari. Hapa ndipo nilipotumia pesa nyingi zaidi na kufanya ujinga mwingi zaidi.

Nilinunua seti yenye springi za kilo 7 kwa milimita mbele na nyuma, zaidi ya mara mbili ya ugumu wa zile za kiwandani mbele. Chapa siitaji, nitaeleza sababu. Fundi aliponiuliza gari likae kimo gani, nilimwonyesha picha kwenye simu. Picha! Tukalishusha milimita 45. Lilipendeza mno, na lilikuwa baya mno. Kila tuta lilikuwa mazungumzo marefu. Uwanjani nikategemea maajabu, maana springi ni ngumu na gari liko chini. Muda ukashuka kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde, kiasi ambacho hata upepo unaweza kukupa.

Ilinichukua miezi kuelewa kilichotokea. Mbele gari hili lina mfumo wa MacPherson: shokomzoba moja iliyosimama na mkono mmoja chini. Kiwandani mkono ule hukaa umeinama kidogo kuelekea nje. Ukilishusha gari kupita kiasi, mkono unapita usawa na kuanza kupanda kuelekea nje, na hapo mambo mawili yanaharibika pamoja. La kwanza, ile nukta ambayo mwili wa gari huzungukia unapolala kwenye kona inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka, kwa hiyo mwili unapata wenzo mrefu zaidi wa kulalia, na sehemu ya ugumu wa springi ulioununua inaliwa hapo hapo. La pili, kadiri springi inavyobanwa, gurudumu linazidi kusimama wima au hata kulalia nje, wakati kwenye kona unataka lilalie ndani. Zaidi ya hayo, nafasi ya shokomzoba kusafiri ilikuwa imebaki kidogo, nikawa natua kwenye mpira wa kizuizi katikati ya kona. Gari linakata vizuri, kisha ghafla pua inateleza nje bila taarifa. Nilidhani ni matairi.

Tulipolipandisha hadi likawa limeshuka milimita 20 tu, bila kugusa kitu kingine chochote, muda ulishuka kwa sekunde moja na zaidi. Mwonekano ulipungua, rafiki zangu wawili wakanicheka.

Kuhusu seti yenyewe: vibonyezo 32 vya kurekebisha ugumu ni vya kwenye tangazo. Tofauti niliyoihisi ilikuwa kati ya kibonyezo cha tatu na cha kumi, kuanzia upande mgumu. Kwingine kote ni kama kugeuza redio iliyozimwa. Kinachosaidia kweli ni kwamba kimo hurekebishwa kwenye mguu wa chini, mbali na nati ya springi, kwa hiyo unaweza kushusha gari bila kupunguza safari ya shokomzoba, tofauti na tulivyofanya mwanzo kwa nati. Kama seti unayoitazama haina hilo, pita. Bamba za juu zenye gololi badala ya mpira zilikuwa kimya kwa miezi mitano, kisha zikaanza kugonga kila nikikata usukani kwenye maegesho. Mwezi wa kumi na nne shokomzoba moja ya mbele ikavuja. Muuzaji akasema nimeiharibu kwa kushusha gari mno, nami nikamkumbusha kuwa kimo kile kilikuwa ndani ya vipimo vya kijitabu chake mwenyewe. Tulibishana wiki tatu, mwisho nikalipia matengenezo nusu. Ndiyo maana jina silitaji: huenda kosa letu lilikuwa nusu kwa nusu pia.

Matairi. Ningeanza hapa. Gari hili lilitoka kiwandani na Michelin Primacy za 215/45R17, matairi ya starehe, na sizilaumu, zinalifanya gari licheze kwa kasi ndogo na hilo ni sehemu ya utamu wake. Kwa uwanjani nikachukua 225/45R17 za mpira laini, zile zenye namba 200 ya ukinzani wa kuchakaa ubavuni, kwenye rimu za upana wa inchi 8. Muda ulishuka karibu sekunde tatu siku ile ile. Hakuna kipuri kingine kilichowahi kukaribia hapo.

Lakini baada ya siku mbili za uwanjani, bega la nje la matairi ya mbele lilikuwa limelika hadi nyuzi zinachungulia, ilhali upande wa ndani ulikuwa mpya kabisa. Kiwandani magurudumu ya mbele ya gari hili hukaa karibu wima. Mwili ukilala kwenye kona, tairi linakanyaga kwa bega. Dawa yake ni kemba: kulaza gurudumu juu kuelekea ndani. Kwa bamba za juu za koilova nilifika nyuzi 2.7 mbele, na nyuma nikaacha 2. Nikanunua kipimajoto cha sindano, na kila nikitoka uwanjani nalichoma tairi sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Mwanzoni nje ilizidi ndani kwa nyuzi joto 25. Sasa ndani inazidi nje kidogo, kama nyuzi 6, na tairi linalika sawasawa. Upepo naanza na psi 28 likiwa baridi, maana baada ya mizunguko minne linapanda hadi 35, na hapo ndipo linaposhika vizuri zaidi.

Barabarani kemba hiyo haijanisumbua kama nilivyotishwa. Kinachokula matairi ya ndani kwa ndani ni magurudumu kutotazama mbele sawasawa, si kule kulala peke yake. Ukirekebisha kemba bila kurudisha mwelekeo, ndipo tairi linakwisha mwezi mmoja. Ila mpira laini kwenye mvua sikushauri. Nilirudi siku moja kwenye mvua kubwa, matairi yakiwa yameshabaki na mfereji mdogo, na kwa kilomita 80 kwa saa gari lilipanda juu ya maji mara mbili. Sasa nina seti mbili za magurudumu. Ya uwanjani inasafiri ndani ya gari: mawili kwenye buti na viti vya nyuma vikilazwa, mengine juu yake. Yanaingia manne, pamoja na jeki. Sijui waliolichora walikusudia, lakini nawashukuru.

Breki sikuzigusa hadi ziliponigusa. Siku yangu ya pili uwanjani, mzunguko wa saba, mwisho wa njia iliyonyooka, kasi 180, nikakanyaga pedali ikaenda hadi sakafuni kama nimekanyaga mto wa kulalia. Nikapampu. Mara ya tatu kikapatikana kitu, nikaishia kwenye kokoto, gari zima, mimi nikitetemeka. Diski zilikuwa nzima, pedi zilikuwa nzima. Mafuta ya breki ndiyo yalikuwa yamechemka, na hayakuwa yamebadilishwa tangu ninunue gari. Hilo ni langu.

Nilikaa na kupiga hesabu baadaye. Gari na mimi ndani ni kama kilo 1,300. Kutoka kilomita 180 hadi 72 kwa saa, breki zinameza takriban megajuli 1.4 za joto, kiasi cha kutosha kuchemsha lita nne za maji ya bomba, na zinafanya hivyo kwa sekunde tatu au nne, kila mzunguko. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Lakini yanafyonza unyevu wa hewa siku zote, na yakifika maji asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Ndio ule mto niliokanyaga.

Sasa natumia Motul RBF 600, ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 312, na naibadilisha mara mbili kwa mwaka bila kujali inaonekanaje. Pamoja nayo ni paipu za breki zilizofumwa kwa nyaya za chuma, na pedi za uwanjani. Kalipa, zile zinazobana pedi kwenye diski, na diski ni zilezile za kiwandani, zinatosha. Walioniambia nahitaji kalipa za pistoni sita kwa gari la uzito huu walikuwa wanaziuza.

Pedi ndizo kero. Zikiwa na joto zinauma kama mamba. Zikiwa baridi, asubuhi ya kwenda kazini, kanyagio la kwanza halifanyi karibu chochote. Nilinusurika kumgonga wa mbele yangu kwenye taa. Halafu zinapiga mluzi, na unga wake unang'ang'ania rimu. Kwa hiyo nazifunga usiku wa kuamkia siku ya uwanjani na kuzitoa kesho yake, kazi ya saa moja. Nilihakikisha pedi za barabarani ni za mtengenezaji huyohuyo na mchanganyiko unaokaribiana, kwani kila pedi huacha tabaka lake kwenye diski na matabaka yasiyopatana huleta mtetemo.

Kipoza oili: funga. Baada ya dakika kumi na tano za kasi geji yangu ilisoma nyuzi 134, sasa inakaa kwenye 112.

Vingine nitavipita haraka. Stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo inayozuia mwili kulala kwenye kona, ilitolewa baada ya mkia kunitoka kwenye mzunguko wa barabarani wenye maji. Bushi za poliyurethani, za plastiki ngumu badala ya mpira, zililia kama mlango wa kaburi. Kiti cha mbio kilikuwa kizuri kwa mgongo na kibaya kwa ndoa. Na siku moja ya kukaa na mwalimu pembeni ilinipunguzia sekunde moja na nusu, ila mwalimu hafungwi kwa spana kwa hiyo sijamweka kwenye hesabu ya sita.

Nilianza na dakika 1 na sekunde 46.8, sasa ni 1 na 40.2. Safari ya kurudi bado inagonga kidogo kwenye viungo vya madaraja, kwa hiyo nimeagiza springi za kilo 5 za kuweka kwenye koilova zilezile. Zimeshafika, ziko stoo, kwa sasa upande ule mwingine wa rafu.