Gesti ya elfu kumi Uvinza, kwa mnaopita njia ya misafara kwenda Ujiji

Naandika hii kwa wale wanaopanga kupiga ile njia ya zamani ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, kipande cha Tabora mpaka Ujiji pale karibu na Kigoma, kwa baiskeli au kwa miguu, maana swali ni lile lile kila mara, mnalala wapi. Urambo na Kaliua hakuna shida, gesti zipo unachagua mwenyewe. Kazi inaanza ukishaiacha Kaliua, hapo ni pori la miombo na mizinga ya nyuki juu ya miti, unapita Nguruka, unavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, na mpaka uione Uvinza mwili umeshagoma zamani na huna tena ubavu wa kuzunguka unauliza bei. Mimi niliingia gesti ya kwanza yenye uzio na geti la kufunga. Jina siliandiki, utajua kwa nini huko chini.

Bei ni elfu kumi singo, choo na bafu vya nje mnashea, vyenye choo ndani ni elfu kumi na tano ila viko vichache na siku ile vilishachukuliwa na madereva wa malori. Kitabu cha wageni ni kile kile cha gesti zote za nchi hii, jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Kwenye utokako nikaandika Kwihara, dada wa mapokezi akakodoa macho, "Kwihara ndio wapi kaka?" nikamwambia ni pale nje ya Tabora kwenye tembe alilokaa Livingstone 1872, akasema "aah sasa si ungeandika tu Tabora", akachukua kalamu akaongezea Tabora pembeni kwa mwandiko wake. Halafu akaniuliza usafiri gani, nikamwonyesha baiskeli, akaniangalia miguu, akasema pole sana na akaenda kuniletea ndoo ya maji kabla hata sijaomba. Huyo dada nampa alama zote aisee, gesti nzima inasimama kwa sababu yake.

Chumba sasa. Kitanda ni mninga, kizito, hakitikisiki hata ukijirusha, ila godoro limezama katikati kwa hiyo mkilala wawili mtakutana tu hata kama mmenuniana. Shuka safi, zinanuka sabuni na jua, hapo sina neno. Neti ina matundu lakini kuna mtu alikaa akaziba tundu moja moja kwa uzi mweusi, kila tundu limekusanywa na kufungwa fundo, ukilala chali ukaangalia juu unaona vifundo vyeusi neti nzima, na nikwambie ukweli usiku ule sikuumwa na mbu hata mmoja, wakati nimeshalala mahali pa elfu thelathini mjini neti mpya inanukia dukani na mbu wako ndani wananisubiri. Dirisha lina wavu, feni hakuna. Soketi chumbani pia hakuna, iko moja ukumbini karibu na tivii na wateja wote mnagombania hiyo hiyo, beba eksitenshoni utapata marafiki.

Bafu ni la mabati, komeo ni msumari uliokunjwa, unaoga huku unaimba ili watu wajue kuna mtu ndani. Maji ya kuoga ni ya kisima na yana chumvi chumvi, yaani sabuni ya mche unaisugua mpaka mkono unachoka ndio kapovu kadogo kanatokea halafu kanapotea. Yule dada akaniambia hayo ni ya kuoga tu, ya kunywa nitakuletea mengine, na kweli akaleta kwenye jagi. Mtu usilalamike sana lakini, Uvinza ni mji wa chumvi, watu wanachemsha chumvi pale kwenye chemchemi za Mto Ruchugi zaidi ya miaka elfu moja sasa, misafara ilikuwa inasimama kununua chumvi kabla hajazaliwa mzungu yeyote wa kuandika habari zake, na mgodi wa chumvi upo mpaka leo. Kwa aliyetoka Bagamoyo na shanga au vitambaa begani, kilo 30 hivi kichwani na begani kwa miezi, hapa palikuwa ni karibu kumaliza. Hao wapagazi wengi wao walikuwa ndugu zetu Wanyamwezi, wengine waliajiriwa kwa ujira na wengine kwenye misafara hiyo hiyo walikuwa wanaswagwa na minyororo kwenda kuuzwa pwani, kwa hiyo mimi hii njia siiti ya kitalii kirahisi rahisi hata kama imo kwenye orodha ya kusubiri ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006.

Sasa hongo. Wanaoijua historia wanajua Uvinza na Uha, nchi ya Waha, zilivyosifika kwa hongo, yaani ushuru wa kupita, msafara haukatizi mpaka mtemi apewe vitambaa, na kivuko cha Malagarasi wenye mitumbwi walikuwa na bei zao. Stanley, yule mwandishi aliyekuja kumtafuta Livingstone, mwaka 1871 alilipa mpaka akachoka, punda wake akachukuliwa na mamba pale mtoni, na kule Uha mwishoni akaamua kupita usiku wa manane kwa kunyata ili asilipe tena. Basi gesti hii imeurithi utaratibu. Ndoo ya maji ya moto jero, kuchaji simu jero, baiskeli ikilala stoo jero, ikilala chumbani bure (nililala nayo, tairi limegusa neti). Taulo nadhani nayo ingekuwa na bei kama ingekuwepo. Hizo mimi hazikuniuma, unaambiwa mapema na unalipa kwa hiari.

Kilichoniudhi ni kingine. Jioni wakaingia wazungu wawili na baiskeli zao, vumbi mpaka kwenye kope, wakapewa chumba cha ukubwa ule ule, choo cha nje kile kile, wakaambiwa elfu ishirini na tano. Nikamuuliza dada pembeni vipi tena, akasema kwa aibu "kaka hiyo ni bei ya mzee, sio yangu". Nikamfuata mzee mwenye nyumba, alikuwa nje kwenye benchi, nikampa shikamoo yake vizuri tukaongea, akaniambia wao wana hela. Sawa mzee wangu, Stanley alikuja na bunduki na watu wengi kwenye nchi za watu, kutozwa hongo ilikuwa halali yake kabisa, hawa wamekuja na pampu ya baiskeli! Hakupunguza. Wakalipa, hawakujua. Na hawa watu huwa wanaambizana, wakifika Kigoma wanamwambia mwenzao anayekuja nyuma, apige hema porini asiingie Uvinza, sasa nani amepata faida hapo.

Ila mzee kwa stori namkubali. Anasema zamani wageni wake wote walikuwa wa treni, ikichelewa ukumbi unajaa watu wamelalia mizigo yao. Ndio hiyo reli iliyofika Kigoma 1914 na kumaliza kazi ya wapagazi, na ukiangalia ramani imepita karibu na njia ile ile ya misafara.

Chakula gesti haina, nje ya geti kuna mama ntilie, mwahi kabla ya saa mbili usiku. Nilipata ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese, mawese yenyewe mekundu yanabaki kwenye vidole mpaka kesho yake, na pilipili ya kukaanga anakuwekea pembeni kwenye kifuniko. Elfu tatu na mia tano, nikaongeza ugali bila kulipa. Asubuhi chai ya rangi na chapati zinakuwa tayari giza bado halijaisha, na kwa mtu wa baiskeli hilo ni kubwa kuliko godoro, maana Kigoma bado kilomita mia na kidogo na jua la saa sita kule sio la mchezo.

Mimi nitalala tena pale. Kwa familia yenye watoto wadogo ningesema hapana, choo kiko mbali na taa ya uwani inazimwa usiku. Wanapokea keshi tu, wakala wa simu yuko barabarani ila anafunga mapema. Na ukiomba chumba omba cha upande wa nyuma, vya mbele malori yanaanza kupasha injini alfajiri na moshi wote unaingia dirishani.